Kuku wa rika zote uwanja mmoja: wape growers wote, kalsiamu iwe pembeni

Swali hili naulizwa sana na watu wanaofuga nyumbani, wale wa kuku ishirini thelathini uani hapo nyuma ya jiko. Mtu anakwambia nina mitetea sita inataga, jogoo mmoja, matemba na mapora (majike na madume ambao hawajakomaa) wa miezi mitatu minne, halafu kuna mama mmoja kashuka na vifaranga kumi juzi, wote wanashinda pamoja, sasa ninunue chakula gani kimoja kitakachowafaa wote? Akienda dukani akauliza hivyohivyo mara nyingi anajibiwa chukua layers (chakula cha wanaotaga), si una kuku wanaotaga? Basi anabeba kiroba chake, anafika nyumbani anamwaga, na vifaranga nao wanakula humohumo. Hilo jibu linaniuma kwasababu madhara yake hayaonekani leo wala kesho, yanakuja baada ya wiki kadhaa na mtu hata hayahusishi na chakula, anasema ni kideri.

Jibu langu mimi ni growers, yaani chakula cha kuku wanaokua. Kama vifaranga wadogo ndio wengi kuliko wakubwa basi starter (chakula cha vifaranga) isiyo na dawa, lakini layers usiwape wote. Ile kalsiamu ambayo mitetea wanaihitaji unaiweka kwenye chombo chake pembeni na anayeihitaji ataifuata mwenyewe. Hapo chini naeleza kwanini, maana ukishajua sababu utaweza kuamua mwenyewe hata siku dukani hakuna unachokitaka.

Hivi vyakula vitatu vya dukani vimepangwa kwa ajili ya mfugaji aliyenunua vifaranga mia tano wa siku moja. Wote wana umri mmoja, wote watabadilishiwa chakula siku moja. Wiki nane za mwanzo starter, kuanzia hapo mpaka wiki ya 18 au 20 growers, wakianza kutaga layers, na kwake huo mpango uko sawa kabisa. Sisi wa kienyeji na chotara hatuko hivyo. Mitetea yetu inaatamia yenyewe, huyu anatotoa mwezi wa tatu, yule wa tano, mwingine unamshtukia anatoka kichakani na vifaranga vyake, kwahiyo rika zinapishana mwaka mzima na hakuna siku utakayoamka ukute kuku wako wote wana umri sawa. Halafu temba wa kienyeji wengi hawatagi wiki ya 18, wanafika miezi sita hata saba ndio unaona yai la kwanza, maana yake ukifuata ratiba ya kwenye kiroba unamlisha chakula cha mtagaji kuku ambaye bado ana miezi miwili hata mitatu mbele yake.

Wengi wanadhani tofauti ya viroba hivi ni protini. Starter ina asilimia 18 mpaka 20 hivi, growers 15 au 16, layers 16 au 17. Ukiangalia hapo growers na layers zinakaribiana sana, mtetea akila growers kwa upande wa protini hajapungukiwa kitu cha kutisha. Tofauti iko kwenye kalsiamu. Starter na growers zina kama asilimia 1, layers ina 3.5 mpaka 4, yaani mara tatu na nusu au zaidi ya ile anayohitaji kuku anayekua. Kwa mtetea hiyo yote ina kazi, inaenda kujenga ganda la yai. Kwa kifaranga, temba, pora na hata jogoo hakuna yai la kuipeleka, kwahiyo mzigo wa ziada unaangukia figo.

Na figo za kuku anayekua ni chujio dogo, ukilipitishia chokaa kila siku linaziba. Ikiziba, asidi ya yuriki ambayo ilitakiwa itoke na kinyesi (ule weupe unaouona juu ya mavi ya kuku ndio yenyewe) inabaki mwilini na inaanza kuganda kwenye viungo vya ndani. Nimeshuhudia kwa jirani, alikuwa anapoteza matemba mmoja mmoja, wazuri tu wana manyoya yao, anakuta kamekonda kamejikunyata pembeni, kanakunywa maji sana na kinyesi ni maji meupe, halafu kesho kamekufa. Alishawachanja kideri kwa matone ya jichoni na bado wanakufa. Bwana mifugo alipokuja akampasua mmoja hapohapo juu ya gunia, akamgeuza akatuonyesha figo zilivyolala kwenye mashimo ya mifupa ya mgongo, zimevimba, zimepauka badala ya kuwa nyekundu iliyokoza, na ndani yake vijinjia vyeupe vinaonekana kwa macho kabisa. Juu ya moyo na ini umetanda unga mweupe, ukipitisha kidole unahisi chengachenga. Swali lake la kwanza lilikuwa wanakula nini hawa. Walikuwa wanakula layers tangu wana mwezi mmoja.

Sisemi kila temba anayekufa ni layers, magonjwa yapo na hata maji kidogo au sumu kuvu inaharibu figo, ndio maana nasisitiza mtu akipoteza kuku wawili watatu ampigie mtaalamu apasue mmoja badala ya kukisia na kwenda kununua antibayotiki. Na wapo watakaokwambia mbona mimi nawapa layers wote na hawafi. Ni kweli kuna wanaopona, hasa wakiwa wanazurura nje na kula majani na wadudu mpaka chakula cha dukani kinakuwa nyongeza tu. Ila kuku waliofungiwa kwenye uzio mjini, ambao asubuhi mpaka jioni wanategemea ulichowamwagia, hao hawana pa kukimbilia.

Kwahiyo msingi wa uamuzi ni huu: mtetea akipungukiwa kalsiamu unaweza kumuongezea muda wowote, ila kifaranga huwezi kumtolea ile iliyokwisha kuchanganywa kwenye unga. Chagua chakula kinachomfaa yule asiyeweza kuvumilia, halafu wengine waongezewe.

Sasa twende kwa mitetea maana hapa ndipo watu wanaogopa, wanasema ukiwapa growers mayai yatakuwa laini. Tupige hesabu. Ganda la yai moja lina kama gramu 2 za kalsiamu. Mtetea anayekula gramu 110 au 120 za growers kwa siku anapata gramu moja na kidogo tu, na sio yote inayofyonzwa mwilini. Akitaga mfululizo bila nyongeza ataanza kukopa kwenye mifupa yake, na huko nako kuna mwisho, utaona yai lina ganda jembamba, kisha yai tepetepe lisilo na ganda kabisa, kisha kuku mwenyewe anakaa chini miguu imelegea. Hofu yao ina msingi kabisa. Anayetaga kila siku anahitaji kama gramu 4, pengo ni gramu 3 hivi, na chokaa ya mifugo au makombe ya baharini yana kalsiamu kama asilimia 38, kwahiyo gramu 8 kwa kuku kwa siku zinatosha, ni kijiko cha chai kilichojaa hivi. Kitu kidogo tu hicho.

Na uzuri ni kwamba kuku anajua. Hii ukiikalia chini ukaitazama inapendeza sana. Ganda linachukua kama masaa 20 kutengenezwa na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika usiku, ndio maana wale wanaotaga wanaifuata kalsiamu alasiri na jioni kabla ya kupanda kulala. Weka kopo la makombe yaliyopondwa kwenye ukuta wa banda halafu kaa pembeni kuanzia saa kumi. Unamuona mtetea anakuja, anachokonoa, anaacha vumbi, anachagua punje za ukubwa wa mchele, anaizungusha moja mdomoni anaimeza, nyingine, nyingine, kisha anaondoka zake. Vifaranga watakuja kudonoa moja mbili kwa udadisi halafu wanaacha. Jogoo anapita tu. Na yule anayeatamia akishuka kula na kunywa halisogelei kopo kabisa, maana hatagi, na hatataga wiki tatu za kuatamia pamoja na wiki zote za kulea. Huyu ukimpa layers kipindi chote hicho unamlazimisha kumeza kitu ambacho mwili wake haukitaki. Kuku wetu wa kienyeji anataga mayai kumi, kumi na tano, anaatamia, hatagi mwaka mzima bila kupumzika kama wale wa kisasa, ndio maana kwangu kalsiamu ya pembeni inamfaa kuliko hata mfugaji mkubwa anavyoweza kuihitaji.

Cha kuweka kwenye kopo sio lazima kiwe cha gharama. Makombe ya baharini ni mazuri, watu wa Pwani wanayapata kirahisi na huku bara yanauzwa kwenye maduka ya vyakula vya mifugo. Chokaa ya mifugo nayo sawa, ila tafuta ya chengachenga kuliko unga, chenga zinakaa kwenye firigisi zinayeyuka polepole usiku wakati ganda linajengwa. NAOMBA SANA usichukue chokaa ya kupaka ukuta, ile inaunguza. Maganda ya mayai yako mwenyewe pia yanafaa, yaoshe, yakaange juu ya sufuria kavu mpaka yakauke kabisa na vijidudu vife, kisha yaponde mpaka yasifanane tena na yai, usije ukawafundisha kudonoa mayai kwenye kiota. Na changarawe ni kitu kingine, zile zinasaidia firigisi kusaga, haziyeyuki kutoa kalsiamu, kwahiyo kuku aliyefungiwa anahitaji vyote viwili. Kopo litundike usawa wa mgongo wa mtetea, mvua isilifikie, na usichanganye makombe na chakula maana ukichanganya umerudi kulekule kwenye layers.

Upande wa vifaranga growers ina udhaifu mmoja nao ni protini. Kifaranga wa wiki moja mpaka nane anahitaji asilimia 18 na kuendelea, akila growers ya 15 hafi ila anakua taratibu na manyoya yanachelewa. Kuna njia mbili. Ya kwanza, kama una vifaranga wengi kipindi hicho, wape wote starter. Mitetea na jogoo starter haiwadhuru, protini ya ziada kidogo tu na bei juu, na wakati wakubwa wamezidi ndio hiyo bei inauma. Ya pili ambayo mimi naipenda zaidi ni kuwawekea wadogo sehemu yao. Chukua tenga au tengeneza kizimba cha fito, acha nafasi za kama sentimita tano kati ya fito na fito, ndani weka kisahani cha starter na maji. Vifaranga wanapenya wanaingia, mama yao na matemba wanabaki nje. Kifaranga wa wiki ya kwanza anakula gramu kumi na kitu tu kwa siku, hata kilo mbili ulizopimiwa zinaenda mbali. Wakishakuwa wakubwa hawapenyi tena basi wanahamia kwenye growers wenyewe. Pia tundika vyombo viwili vya growers mbali mbali, kimoja chini kimoja juu, kwasababu mitetea wakubwa wanapiga sana wadogo na ukiweka chombo kimoja utakuwa na chakula kizuri ambacho temba wa mwisho hakifikii.

Kwa anayechanganya mwenyewe, nakuwekea mchanganyiko wa kilo 100 ambao unakupa protini kama asilimia 16 au 17, juu kidogo ya growers ya dukani, na kalsiamu inabaki karibu na 1. Mahindi ya paraza kilo 40, pumba za mahindi 25, mashudu ya alizeti 18, dagaa 8, soya iliyokaangwa ikasagwa 6, mifupa iliyosagwa 2, chokaa ya mifugo nusu kilo, na nusu kilo inayobaki ni chumvi na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), kila moja robo, ila premiksi soma kipimo kwenye pakiti yake kwanza. Soya lazima ikaangwe au ichemshwe, ikiwa mbichi inazuia kuku kumeng'enya protini, umelipia kitu kinachokurudisha nyuma. Dagaa ndio penye matatizo, nyingine zimejaa mchanga na chumvi. Chukua kiganja weka kwenye glasi ya maji koroga uache, mchanga utaushuhudia chini, na kama ukionja ni za chumvi kali punguza ile chumvi ya kuongeza. Mashudu ya alizeti ukipata yaliyokamuliwa pamoja na maganda mengi protini inashuka na nyuzinyuzi zinapanda, chagua yale ambayo maganda meusi sio mengi. Mahindi na pumba nusa. Zikiwa na harufu ya uvundo au zimeshikana mabonge usinunue hata kwa bei ya kutupa, sumu kuvu haiondoki kwa kuanika.

Kuna faida nyingine ya chakula kimoja ambayo watu hawaizungumzii. Chukua mtu mwenye mitetea kumi, matemba na mapora kumi na tano, vifaranga kumi. Wakubwa wanakula kama kilo moja na robo kwa siku, wanaokua kilo moja, vifaranga gramu mia tatu hivi wakifika wiki ya nne ya tano. Akinunua viroba vitatu vya kilo 50, kile cha starter kwa gramu mia tatu kingemchukua zaidi ya miezi mitano kukimaliza, na vifaranga wenyewe wiki nane wameshatoka kwenye starter. Muda wote huo kiroba kiko wazi stoo, vitamini zinaisha nguvu, unyevu unaingia, panya wanakojoa humo. Akinunua growers moja na starter ya kupima, ile growers inaisha wiki tatu tu, kila mara kuku wanakula kitu kipya. Kiroba kisigusane na sakafu ya saruji wala ukuta, weka juu ya mbao.

Nimetaja starter isiyo na dawa. Starter nyingine zimewekewa dawa ya kuzuia koksidiosi, ule ugonjwa wa kuhara damu, na kwa vifaranga ni msaada mkubwa. Ila mitetea wakila dawa inaweza kuingia kwenye yai mnalokula nyumbani au unalouza, kwahiyo soma kiroba, uliza, na kama ina dawa iishie mule ndani ya kizimba cha vifaranga. Kama unafuga na bata mzinga kuwa makini zaidi, kuna dawa ya aina hiyo inaitwa salinomisini ambayo kwao ni sumu kabisa ingawa kuku wanaivumilia.

Kama mpaka leo ulikuwa unawapa layers wote usiibadilishe ghafla. Weka kopo la makombe kwanza, waache siku mbili tatu mitetea walizoee, kisha anza kuchanganya robo ya growers, nusu, robo tatu, ndani ya wiki moja uwe umemaliza. Mayai machache ya mwanzo yanaweza kuwa na ganda lenye vipele au jembamba kidogo mpaka kila mtetea ajue kopo liko wapi. Ukiona baada ya hapo bado kuna ganda laini, angalia kama kuna mtetea mnyonge anayefukuzwa kwenye kopo, mwekee la pili kona nyingine. Na maji yawepo ya kutosha muda wote hasa kwa wale matemba waliokuwa wanakula layers, figo zao zinahitaji maji kusafisha kilichobaki.